CRP ya mama imepanda: je, saratani ya titi imerudi?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54, tunaishi Makorora hapa Tanga. Mwaka jana aliondolewa titi la kushoto pamoja na matezi ya kwapani, na matezi 2 yalikutwa na saratani. Majibu yalisema ni ile ambayo vipokezi vyote vitatu ni hasi. Alimaliza dripu za dawa za saratani na mionzi Dar es Salaam. Kwenye karatasi ya kinyama, yaani majibu ya kipande cha uvimbe kilichopimwa, kuna mstari unaosema chembe za kinga zimejaa kwenye uvimbe, asilimia 40. Wiki mbili zilizopita alijisikia vibaya, mwili ukawa wa moto, tukampima kwenye maabara ya mtaani: CRP 46, ESR 70 (vipimo vya damu vinavyoonyesha inflamesheni), na neutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zimezidi. Mhudumu akatuambia inflamesheni hiyo, yaani mwili kupambana na jeraha au vijidudu, ukijumlisha na ile ya kwenye kinyama, ni dalili kwamba kansa imerudi. Ndugu wanataka tumwanzishie aspirini ya kila siku na kapsuli za manjano. Ni kweli imerudi? Tufanye nini?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole kwa kuuguza. Katika namba zote ulizoniandikia, hakuna hata moja inayothibitisha kwamba saratani imerudi. CRP ya 46 inasema kuna kitu mwilini mwa mama ambacho kinapaswa kutafutwa wiki hii, na mahali pa kwanza pa kutazama ni mkono wake wa kushoto. Nitaeleza kwa nini. Na ule mstari wa asilimia 40 uliowatia hofu ni miongoni mwa habari njema zilizomo kwenye karatasi ile.

Nianze na mstari huo, maana kusoma vinyama ndiyo kazi yangu. Kipande cha uvimbe hukatwa utando mwembamba sana, hupakwa rangi mbili, zambarau na waridi, kisha hutazamwa kwa hadubini. Seli za saratani ya aina ya mama huonekana kubwa, hazilingani, viini vyake vimevurugika. Pembeni yake, kwenye tishu inayozishikilia, unaona vidoa vidogo vya mviringo vya zambarau iliyokolea. Kwa mgonjwa mmoja vimetawanyika kimoja kimoja. Kwa mwingine vimesongamana hadi tishu yenyewe huioni. Hizo ni limfositi, chembe nyeupe za kinga, na kazi ya msomaji ni kukadiria zimefunika sehemu gani ya tishu hiyo. Kwa mama yako aliyesoma alikadiria asilimia 40. Vipo vinyama ambavyo hazifiki hata asilimia 5, na hivyo ndivyo hunipa wasiwasi.

Kwa saratani ya titi isiyo na kipokezi cha estrojeni, cha projesteroni wala HER2, jambo hili limechunguzwa vizuri. Mwaka 2019 Sherene Loi wa Australia na wenzake walikusanya takwimu za wagonjwa 2,148 kutoka tafiti 9, wote wakiwa wamepata dripu za saratani. Kila limfositi zilipozidi kwa asilimia 10, hatari ya saratani kurudi au mgonjwa kufariki ilipungua kwa kama asilimia 13. Utafiti mwingine wa mwaka 2024 ulitazama wanawake 1,966 wenye saratani ya aina hiyohiyo ambao hawakupata dripu kabisa. Kwa wale wa hatua ya kwanza waliokuwa na limfositi asilimia 50 au zaidi, 94 kati ya kila 100 walimaliza miaka 5 bila saratani kusambaa. Kwa wale wa hatua hiyohiyo waliokuwa na chini ya asilimia 30, walikuwa 78. Mama asijipime kwa namba hizi za mwisho, kwa sababu matezi 2 yalikuwa yameshashikwa na hatua yake ni nyingine. Lakini mwelekeo ni mmoja: limfositi zikiwa nyingi ndani ya uvimbe, ina maana mwili uliitambua saratani ukaanza kupambana nayo. Kwenye saratani ya utumbo mpana Mfaransa Jérôme Galon alionyesha jambo hilo tangu mwaka 2006, na mwaka 2018 likathibitishwa kwa wagonjwa 2,681 wa nchi 13.

Sasa utaniuliza, kama ni hivyo, mbona tunaambiwa inflamesheni inaleta kansa? Yote mawili ni kweli, na hapa ndipo wengi wanapochanganya, wahudumu wa afya wakiwemo.

Huku kwetu pwani mfano tunao mlangoni. Mayai ya kichocho cha mkojo yakikwama kwenye ukuta wa kibofu, mwili hupambana nayo miaka nenda, miaka rudi. Jeraha halifungi. Seli za kibofu hulazimika kujigawa kila mara ili kuziba pengo, na katika kujigawa huko makosa ya vinasaba hujilimbikiza. Ndiyo maana kichocho hicho kimo katika orodha ya visababishi vilivyothibitishwa vya saratani ya kibofu, na ndiyo maana siachi kuwaambia vijana wanaokojoa damu wasiichukulie kuwa ni dalili ya kukua. Mjerumani Rudolf Virchow aliona chembe nyeupe ndani ya uvimbe wa saratani mwaka 1863, akashuku kwamba saratani huanzia penye muwasho wa muda mrefu. Mwaka 1986 Harold Dvorak wa Marekani akaueleza uvimbe wa saratani kuwa ni kidonda kisichopona: unatumia vifaa vilevile ambavyo mwili hutumia kuponya jeraha, ila hausimami.

Inflamesheni inayolea uvimbe huongozwa zaidi na neutrofili na baadhi ya makrofaji, chembe za kinga zinazomeza mabaki na vijidudu. Chembe hizi humwaga kemikali kama interlukini 6, huita mishipa mipya ya damu iulishe uvimbe, na huzizuia limfositi zisifanye kazi yake. Ile inayoushambulia uvimbe huongozwa na limfositi aina ya T. Kwa hiyo mkisoma kwamba kuna inflamesheni kwenye kinyama, swali la kumuuliza daktari ni chembe gani zilizojaa. Kwa mama jibu limeandikwa, na ni lile tunalolipenda.

Damu ni habari nyingine kabisa.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale interlukini 6 inapopanda, popote inapotokea. Ini halijui kama chanzo ni titi, jino au malaria. Ni kweli kwamba tafiti zimeihusisha na saratani kurudi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wanawake 734 waliopimwa CRP miezi 31 hivi baada ya kugundulika na saratani ya titi, na wale walioangukia theluthi ya juu walikuwa na hatari ya kufariki kama mara 2 ya wale wa theluthi ya chini. Nadhani habari za namna hii ndizo zilizomfikia mhudumu wenu zikiwa nusu. Maana tazama namba yenyewe: theluthi hiyo ya juu ilianzia karibu miligramu 4 tu kwa lita. Ile ni CRP iliyopanda kidogo na kukaa hapo miaka, mara nyingi pamoja na unene, kisukari au sigara. Mafuta ya mwili yakizidi, seli zake hufa, makrofaji huzizunguka, na hapo kemikali zilezile hutoka kidogo kidogo kila siku.

CRP ya 46 iliyoibuka pamoja na mwili kuwa wa moto si ya ukoo huo. Inafanana na maambukizi: malaria, nimonia, UTI, jipu, jino bovu. Saratani iliyosambaa nayo huweza kuipandisha kiasi hicho, ndiyo maana sikwambii uipuuze. Lakini huanzi na hilo.

Anza na mkono. Matezi ya kwapani yakiondolewa, kisha mionzi ikapita hapohapo, maji ya limfu hukosa njia na mkono unaweza kujaa. Hata usipojaa kwa macho, bakteria huushambulia kwa urahisi kuliko mkono mwingine, na mlango wanaopitia ni mdogo mno. Mgonjwa mmoja alijikata akipara samaki. Mwingine kidole kilipita kwenye meno ya mbuzi wakati anakuna nazi. Mwingine alichomwa na mwiba wa mchungwa shambani Muheza. Siku mbili baadaye mkono ni wa moto, homa inapanda, na majirani wameshasema ni matende. Matende husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Huu ni mkono uliopoteza matezi na sasa umeingiliwa na bakteria, na tiba yake ni antibayotiki bila kuchelewa.

Mkalishe mama penye mwanga, mikono yote miwili wazi hadi mabegani. Ilinganishe unene. Pitisha mgongo wa kiganja chako kuanzia vidoleni hadi kwapani, kwanza mkono wa kulia halafu wa kushoto, usikilize joto. Tazama katikati ya vidole, kuzunguka kucha, kiwikoni, kwenye kovu la kifuani. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitegemee kuona wekundu wa vitabuni. Ngozi huonekana imekoza, inang'aa, imekaza, wakati mwingine ina zambarau. Ukikuta eneo la moto linalouma, na hasa kama ana homa au anatetemeka, mpeleke hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu siku hiyohiyo. Usingoje asubuhi. Na hata kama safari hii mkono ni mzima, nunua glavu za mpira za jikoni: samaki, nazi na kufua avae glavu mkono wa kushoto, na mchubuko wowote uoshwe kwa maji na sabuni.

Mkono ukiwa safi, tafuteni kwingine: kipimo cha malaria, mkojo, meno, kifua. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja katika kituo kizuri.

Kisha rudieni CRP. Chanzo kikishazimwa, nusu ya CRP hutoweka kila baada ya saa 19 hivi, kwa hiyo ndani ya siku chache huwa imeshuka sana. Wiki mbili zimeshapita tangu mpime. Kama homa imekwisha, rudieni sasa, na iwe maabara ileile. Kipimo hicho cha pili kina thamani kubwa kuliko cha kwanza. ESR msiikimbilie; hushuka polepole kwa wiki nyingi, hupanda kwa umri, na damu ikipungua hupanda zaidi. Mwanamke wa miaka 54 aliyetoka kwenye dripu akiwa na ESR ya 70, namtazama kwanza wingi wa damu.

Kuhusu neutrofili, ipo hesabu ambayo watu wengi sasa wanaifanya wenyewe kwenye karatasi ya FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu: unagawa neutrofili kwa limfositi. Neutrofili 4.2 kwa limfositi 1.4 unapata 3. Mantiki yake ni ileile ya hadubini, wanaolea uvimbe juu na wanaoupiga chini. Mwaka 2014 uchambuzi wa tafiti 100 zenye wagonjwa 40,559 ulionyesha kwamba waliokuwa na uwiano mkubwa, kwa kawaida zaidi ya 4, waliishi muda mfupi zaidi katika saratani nyingi. Sikatai. Lakini wengi wa wagonjwa hao si watu wa kwetu. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara tuna neutrofili chache kiasili, kwa sababu ya badiliko la kinasaba cha Duffy, lilelile linalotukinga na malaria ya vivaksi. Mpaka wa 4 uliochorwa Ulaya hauwezi kuhamishiwa Tanga hivihivi. Tena homa yoyote ya bakteria hupandisha neutrofili, deksamethasoni wanayopewa wagonjwa wa dripu huzipandisha na kushusha limfositi, na VVU hushusha limfositi. Hesabu ya siku ya homa haisemi lolote kuhusu titi. Kwa watafiti wanaolinganisha maelfu ya watu ina maana. Kwa mgonjwa mmoja, hakuna mwongozo wa tiba ya titi unaomwambia daktari abadilishe dawa kwa sababu yake.

Aspirini. Ndugu zako hawakuliota. Kwa miaka mingi sisi madaktari tulikuwa na matumaini hayohayo: kama inflamesheni inalea saratani, basi tuizime. Likapimwa. Huko Marekani na Kanada watu 3,020 waliotibiwa saratani ya titi isiyo na HER2, waliokuwa na hatari kubwa ya kurudiwa, waligawanywa. Nusu wakapewa aspirini miligramu 300 kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu aspirini haikuonyesha faida yoyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024, na saratani ya mama yako ni miongoni mwa aina zilizokuwemo. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo tofauti kutoka Sweden, Norway, Denmark na Finland: wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na njia ya haja kubwa, waliochaguliwa kwa kuwa uvimbe wao ulikuwa na badiliko maalumu la kinasaba, walipewa aspirini miligramu 160 kwa miaka 3. Katika kundi kuu, waliorudiwa na saratani walikuwa asilimia 7.7, na kwa wasiopewa asilimia 14.1. Hiyo ni faida kubwa, na ninaifurahia. Lakini ni utumbo, tena wenye badiliko lililopimwa. Haihamishiki kwenye titi kwa sababu tu zote zinaitwa saratani.

Na madhara yapo. Aspirini ya kila siku huchubua tumbo na kuongeza kutoka damu. Hapa Tanga kuna jingine: dengi. Mlipuko wa mwaka 2019 tuliuona mjini humu, na mtu mwenye dengi akiwa na aspirini mwilini damu inaweza kumtoka kwa urahisi. Kama mama hajaandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, msimpe.

Manjano kwenye mchuzi wa samaki aendelee kula, hakuna neno. Kapsuli zenye manjano yaliyokolezwa ni kitu kingine. Zimeshaumiza maini ya watu, na ini la mama limetoka juzi kwenye dawa nzito.

Sasa, yapo mambo ya kufanya. La kwanza ni kutembea. Jaribio lililochapishwa mwaka 2025 liliwafuatilia watu 889 waliomaliza dripu za saratani ya utumbo mpana. Waliowekewa programu ya mazoezi yenye msimamizi, miaka 5 baadaye asilimia 80.3 walikuwa hai bila ugonjwa. Waliopewa vijitabu tu, asilimia 73.9. Tena ni utumbo, nasema hivyo kwa haki, na kwa titi ushahidi wa nguvu hiyo bado haupo. Lakini mazoezi hayamdhuru, hupunguza uzito na CRP ile ya chinichini, na humrudishia nguvu. Kutoka Makorora hadi Raskazone na kurudi, jua likiwa limepoa, kwa mwendo unaomfanya ahemee kidogo lakini bado aweze kuzungumza. Mkono usimtishe; mazoezi ya kuuongezea nguvu taratibu ni salama kwake.

La pili ni moshi wa sigara. Kwa panya imeonekana wazi, katika utafiti wa mwaka 2018, kwamba moshi wa sigara ukiwasha mapafu, neutrofili humwaga nyuzi zinazoziamsha seli za saratani ya titi zilizokuwa zimelala humo. Binadamu si panya. Hata hivyo, kama kuna anayevuta sigara ndani ya nyumba yenu, leo hii avutie nje, na sitaki kubembelezana katika hilo.

Saratani ya aina ya mama, ikitaka kurudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 ya mwanzo. Baada ya miaka 5 hatari huwa imepungua sana. Kwa hiyo kipindi hiki kliniki zisirukwe: kuonwa na kupapaswa na daktari kila baada ya miezi 3 hadi 6, na picha ya titi la kulia mara moja kwa mwaka. Vifurushi vya vipimo vya damu vya kufuatilia kansa vinavyouzwa mitaani msivinunue. Kwa mtu asiye na dalili havijaonyesha kuongeza maisha, na pesa hiyo ni nauli ya kliniki. Yanayotakiwa kuwapeleka kwa daktari kabla ya tarehe ni haya: kikohozi au kubanwa pumzi kusikokwisha, kichwa kinachouma kila siku hasa asubuhi pamoja na kutapika, kupungua uzito bila sababu, macho kuwa ya njano, maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku, au kinundu chochote kwenye kovu, kwapani au juu ya mtulinga.

Mkienda, bebeni karatasi yenyewe ya kinyama, si picha ya simu iliyokatwa pembeni, pamoja na FBP ya kabla ya dripu kama mnayo na CRP zote mbili zenye tarehe. CRP ya pili ikishuka chini ya 10, mama anakula na hana dalili hata moja kati ya hizo, ratiba ya kliniki iendelee kama ilivyo. Ikibaki juu na chanzo hakionekani, mwombeni daktari eksirei ya kifua na ultrasound ya tumbo, ambazo mnazipata hapahapa mjini, na habari ya CT iamuliwe kutokana na zitakachoonyesha.